Waipsi zinatutoboa mfuko na kuziba vyoo, turudieni kitambaa na maji

Tuanze na hesabu, mambo ya mazingira yatafuata. Najua ukiona neno "mazingira" kwenye kichwa cha habari, kidole chako kinapitiliza mbio kutafuta habari za mpira. Si wewe pekee. Kwa hivyo fungua kikokotoo kwenye simu yako tupige hesabu pamoja.

Mtoto mchanga hubadilishwa kama mara 8 kwa siku. Kila mara, tuseme unatumia waipsi 3, na hapo hujakutana na ile kazi ya saa tisa usiku inayopanda hadi mgongoni. Hizo ni waipsi 24 kwa siku, 720 kwa mwezi. Pakiti ya vipande 80 huku mtaani kwetu naipata kwa kama shilingi 150. Utahitaji pakiti 9. Yaani shilingi 1,350 kila mwezi za kupangusa tu, kabla hujanunua pampasi yenyewe, kabla ya unga, kabla ya tokeni za stima. Kwa kijana anayeishi kwa vibarua, hiyo si pesa ya mchezo.

Sasa geuza pakiti usome maandishi madogo ya nyuma. Kiungo cha kwanza kwenye orodha ni maji. Kuna nyingine zinajisifu kabisa kwamba ni asilimia 99 maji. Manze, hebu tulia ufikirie. Tunaishi kwenye jiji ambalo mfereji hutoa maji kwa zamu, tunanunua maji ya mtungi, halafu tunaenda dukani kununua maji mengine yaliyolowekwa kwenye kitambaa cha plastiki na kufungwa kwenye pakiti ya plastiki.

Ndiyo, plastiki. Wengi wetu hudhani waipsi ni karatasi laini au pamba. Kuna zinazotengenezwa kwa pamba au mbao, lakini nyingi zina nyuzi za poliesta au polipropilini ndani yake. Ndiyo maana hazichaniki ukizivuta. Karatasi ya choo ukiitia majini inalainika na kumeguka. Waipsi ukiitia majini, utaikuta kesho ikiwa vilevile, imejikunja tu. Na ikishatupwa haiozi kama ganda la ndizi. Inakatikakatika na kuwa vipande vidogo vya plastiki ambavyo hata macho hayavioni, na vinabaki kwenye udongo na mito.

Historia yake nayo inafundisha. Waipsi hazikuanza kwa ajili ya mtoto. Mmarekani kwa jina Arthur Julius ndiye aliyeanza kuzitengeneza New York mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1963 mikahawa ya Kentucky Fried Chicken ikaanza kuwapa wateja wake wapanguse vidole baada ya kula kuku. Yaani kifaa hiki kilibuniwa kwa mtu aliyeshiba akiwa mbali na sinki. Kilikuwa kitu cha njiani. Ni biashara ndiyo iliyokitoa njiani ikakiingiza chumbani, ikatuaminisha kwamba mzazi asiyekuwa nacho ni mchafu au ni maskini.

Mimi sina digrii ya mazingira. Kusema kweli sina digrii yoyote, karo ilikwama nikiwa mwaka wa pili na nikatoka. Lakini nina binti wa miezi 9, na kwa kuwa kazi yangu ni kuandika nikiwa nyumbani huku mamake akiingia dukani saa moja asubuhi, mimi ndiye ninayebadilisha nepi mchana kutwa. Hayo ninayokuambia nayajua kwa mikono yangu hii.

Na nayajua pia kwa pua. Kama umewahi kuishi kwenye ploti ambapo nyumba nane zinatumia choo kimoja, unajua ile siku choo kinakataa. Maji yanapanda badala ya kushuka. Msimamizi wa ploti anabisha mlango kwa mlango akikusanya pesa za fundi. Fundi anakuja na waya wake mrefu, anachokoa, na kinachotoka ni furushi la waipsi zilizoshikana na nywele na mafuta kama kamba ya katani. Kila mtu anamtazama mwenye mtoto mchanga. Pesa zimeshatoka.

Usidhani ni shida ya mitaa yetu tu. Mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel jijini London, wafanyakazi wa majitaka walikuta donge la mafuta yaliyoganda na waipsi lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130. Liliwachukua wiki kadhaa kulivunja. Kipande chake kiliwekwa kwenye jumba la makumbusho watu wakaja kukitazama. Na mwaka 2024 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba itapiga marufuku waipsi zenye plastiki. Hao ni watu wenye mabomba mapana na pesa za kuyatunza. Sisi je?

Kwetu hali ni mbaya zaidi kwa sababu watu wengi hawana hata bomba la majitaka. Wana choo cha shimo. Shimo likijaa takataka, lori la kunyonya linashindwa, mpira wake unaziba. Hapo inabidi kijana fulani, pengine wa rika lako, ashuke au ainame na ndoo, atoe uchafu kwa mkono, akichambua waipsi na pampasi moja moja. Ukitupa waipsi shimoni, hujaiondoa duniani. Umempa mtu mwingine kazi ambayo wewe mwenyewe huwezi kuifanya.

Ukiamua kuitupa kwenye pipa badala ya choo, umefanya vyema, lakini safari haijaisha. Kama mtaa wenu una gari la taka, itafika Dandora, jaa ambalo lilitangazwa kuwa limejaa tangu mwaka 2001 na bado linapokea. Kama hakuna gari, itaishia kwenye mtaro. Mvua za Aprili 2024 zilipoleta mafuriko Mathare na kwingineko, sababu zilikuwa nyingi, na sitakudanganya kwamba ni waipsi zilizoua watu. Lakini mtaro uliozibwa na takataka haupitishi maji, na takataka hizo ni zetu.

Kuna mtu hapo tayari ananiuliza, "Sasa unataka watuongezee ushuru?" Hapana, na hapa nataka tuelewane vizuri. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipoletwa ukiwa na ushuru wa mazingira, pampasi zilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizolengwa. Kina mama walipiga kelele, vijana tukajaa barabarani, na tarehe 26 Juni, siku moja baada ya maandamano makubwa, Rais akasema hatatia saini. Ule ushuru ulikuwa unasema hivi: mama anachafua, basi alipe. Haukumwambia atumie nini badala yake. Huko si kutunza mazingira, huko ni kumkamua aliyekwisha kukamuliwa.

Lakini kukataa ushuru hakumaanishi tukae tu. Kumbuka tarehe 28 Agosti 2017, marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza. Watu walisema nchi itasimama. Nyama itabebwa na nini? Mama mboga atafunga sukuma na nini? Adhabu ilikuwa kali, faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka minne. Baada ya muda mfupi tu kila mtu alikuwa na mfuko wake wa kushonwa na wengine wakarudia kiondo. Tulizoea kwa sababu kitu mbadala kilikuwepo, tena kilikuwa cha bei nafuu na kilidumu. Kwa waipsi pia kipo. Kimekuwepo tangu zamani za nyanya zetu.

Kitambaa na maji. Ni hivyo tu.

Watu wa Pwani hawajawahi kuhitaji kufundishwa haya. Nenda Mombasa au Lamu, chooni utakuta kopo la maji, na mtoto akijisaidia anachambishwa kwa maji mpaka anang'aa. Waswahili wana methali yao kwamba kuchamba kwingi ni kuondoka na mavi. Ukimwona mzazi anapangusa kwa waipsi ya sita, anasambaza badala ya kuondoa, utajua methali hiyo haikutungwa bure. Maji yanabeba uchafu. Waipsi mara nyingi inauhamisha.

Na si mila peke yake. Huduma ya afya ya umma ya Uingereza, NHS, inapowaelekeza wazazi jinsi ya kubadilisha nepi, inawataja pamba na maji ya vuguvugu yasiyo na kitu kingine. Waipsi zimeruhusiwa pia, lakini si lazima. Ngozi ya mtoto ni nyembamba. Baadhi ya dawa zinazotiwa ndani ya waipsi ili zisiote ukungu, na manukato yake, huwasha ngozi za watu wengine. Moja ya dawa hizo, methylisothiazolinone, ilisababisha mzio kwa watu wengi kiasi kwamba Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye vipodozi vinavyobaki mwilini bila kuoshwa. Maji safi hayana orodha ya viungo.

Sasa tuingie kazini. Tafuta tisheti kuukuu ya pamba, vesti, shuka ya flaneli au taulo la mtumba ambalo limelainika kwa kufuliwa. Kata vipande vya ukubwa wa kiganja chako kilichofunguliwa. Toa 25 hivi. Ukimpelekea fundi wa nguo azungushe kingo kwa mashine, havitatoa nyuzi. Ukiwa huna hiyo pesa, kitambaa cha tisheti hakifumuki sana, kitumie hivyo hivyo.

Weka vitambaa vikavu kwenye mkebe mmoja safi. Vilowanishe wakati wa kutumia, usivihifadhi vikiwa na maji kwa siku nyingi maana vitaota ukungu. Maji ya vuguvugu unayapata kwenye thamosi ileile ya chai ya asubuhi, ila yajaribu kwanza kwa kiwiko. Kitambaa cha kwanza kinaondoa uchafu mwingi, cha pili kinasafisha, cha tatu kikavu kinapangusa. Kwa mtoto wa kike, pangusa kutoka mbele kwenda nyuma, usirudi. Mtoto akiwa na uchafu mwingi kabisa, achana na kupangusa, mpeleke kwenye karai umwoshe matako kwa maji na sabuni kidogo. Utamaliza haraka kuliko unavyofikiri.

Vichafu navyo viende kwenye ndoo yenye kifuniko. Usiwahi kuacha ndoo au karai la maji wazi mtoto anayetambaa akiwa karibu. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita chache tu. Kinyesi kikung'utie chooni kwanza, kwa sababu kinyesi cha mtoto kina vijidudu kama cha mtu mzima, hata kama shangazi zako wanasema hakina ubaya. Kisha fua kwa sabuni na maji moto, suuza vizuri, anika juani. Usitie ile dawa ya kulainisha nguo, inafanya kitambaa kishindwe kunyonya maji. Mtoto akiwa anaharisha, chemsha vitambaa hivyo au tumia pamba ya kutupa kwa siku hizo. Na wewe nawa mikono kwa sabuni kila mara.

Ukitoka nyumbani, chukua vitambaa sita, chupa ndogo ya maji uliyotoboa kifuniko tundu moja, na mfuko wa kurudishia vichafu. Kama unasafiri usiku kucha kwenda kwenu, au uko wodini na mfereji haufanyi kazi, beba pakiti ya waipsi bila aibu yoyote. Si nilikuambia ni kitu cha njiani? Basi kikae njiani.

"Na maji je?" Hili ndilo swali zito na sitalikwepa. Kufua vitambaa kunahitaji kama mitungi 3 ya lita 20 kwa wiki, 12 kwa mwezi. Mtungi ukiwa shilingi 20, hiyo ni 240. Ongeza sabuni ya 150, jumla ni 390. Ukilinganisha na ile 1,350 ya waipsi, umebaki na karibu thao moja mfukoni. Hata mtungi ukipanda hadi shilingi 50 wakati wa uhaba, utatumia 750. Bado uko mbele. Na maji ya kusuuzia hayamwagwi, yanashushia choo.

Mtu mwingine ataniambia zipo waipsi za mianzi, za kijani, zimeandikwa kwamba zinaoza. Nyingine ni nzuri kweli kuliko za plastiki. Lakini soma bei yake kwanza, halafu jiulize inaozea wapi. Kitu kinachohitaji mtambo maalumu wa kuozesha hakina faida kikifika Dandora kikiwa kimefungwa ndani ya pampasi. Na ile alama inayosema unaweza kuitia chooni, isahau. Choo cha ploti hakisomi maandishi.

Swali la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, na nataka wanaume walisome mara mbili. Vitambaa hivi vitafuliwa na nani?

Kwa sababu naona vile mambo haya yanavyokwenda. Mwanamume anasoma makala kama hii, anafurahi, anarudi nyumbani anamwambia mke wake, "Babe, tuache waipsi, tuokoe dunia." Halafu anakaa kwenye kochi. Mama aliyeamka mara tatu usiku, anayekwenda kazini, anayenyonyesha, ndiye anaongezewa karai la kufua. Kama hiyo ndiyo njia yetu ya kutunza mazingira, afadhali mama aendelee na waipsi zake. Sitamlaumu hata kidogo. Waipsi zilipata soko kwa sababu zilimpa mwanamke aliyechoka dakika kumi za kupumzika, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa amempa dakika hizo.

Kwa hivyo buda, kazi hii ni yako. Nusu saa jioni inakutosha, sabuni, karai na redio. Mwanzoni majirani walinitazama nikianika vitambaa kwenye kamba ya ploti, kuna waliocheka na kuuliza kama nimekaliwa. Siku hizi jirani yangu wa mlango wa tatu naye anafua vya mwanawe, na tunapigania nafasi ya jua la asubuhi. Kitambaa hakijui jinsia ya mkono unaokifua.

Na kama wewe ni mama unayelea peke yako, au unamwacha mtoto kwa mama wa kulea watoto mtaani mwenye watoto kumi wengine, usione kwamba nakuhukumu. Anza na vitambaa vya usiku peke yake, ukiwa nyumbani. Ukipunguza nusu ya pakiti, umeokoa karibu shilingi 700. Mama wa kulea naye ukimpa vitambaa vyako na mfuko wa kurudishia vichafu, huenda akakubali, maana wengi wao wamelea kwa kitambaa kabla ya haya yote.

Tusiishie kwenye karai pia. Mwenye ploti anayekusanya kodi kila tarehe tano anapaswa kuweka tangi la maji na kamba za kuanikia. Kaunti inayotuambia tutunze jiji inapaswa kuleta maji kwenye mfereji na gari la taka mtaani. Na wanaotengeneza na kuagiza waipsi waandike kwa herufi kubwa kwenye pakiti kwamba hii ni plastiki na haifai kutiwa chooni, ili anayenunua ajue anachonunua. Haya ni madai ambayo kizazi chetu kinaweza kuyapigania, kwa sababu tumeshaonyesha kwamba tukisema kitu kwa pamoja, kinasikika.

Leo jioni, tafuta ile tisheti ya kampeni uliyopewa bure na ambayo huwezi kuivaa mbele za watu. Chukua makasi. Ukipata vipande kumi vya kuanzia, mwaka huu mwanasiasa huyo atakuwa amekufanyia kazi.